Hoja Sita Zisizojuana

Muulize mtu yeyote aliyepita sekondari hapa Tanzania jinsi insha inavyoandikwa. Atakujibu kabla hujamaliza swali: utangulizi, kiini, hitimisho. Huenda amesahau logi na vipeuo, huenda hata jina la mwalimu wake wa Jiografia limemtoka, lakini hilo halimtoki. Utangulizi ni wa kutoa maana ya maneno ya msingi. Kiini ni cha hoja, kila hoja na aya yake. Hitimisho ni la kurudia yaliyokwisha kusemwa na kuishauri Serikali itoe elimu kwa umma. Ukivuka mpaka pale Namanga unaukuta wimbo uleule, ila wenzetu wa Kenya wamezidisha viungo: methali mbili tatu, tashbihi, na jua linalochomoza kwa madaha kila insha inapoanza.

Wengi wetu tunaamini kwamba huko ndiko kupanga mawazo. Mimi nasema huko ni kupanga aya. Mtu anaweza kuzipanga aya zake vizuri kama sare za gwaride na asiwe na wazo hata moja ndani yake.

Tuchukue swali la kawaida kabisa: eleza athari za ukataji miti kwa ajili ya mkaa. Mwanafunzi hodari, yule anayekaa dawati la mbele, ataanza hivi. Ukataji miti ni kitendo cha kuondoa miti katika ardhi kutokana na shughuli mbalimbali za kibinadamu. Zifuatazo ni athari zake. Kwanza, mmomonyoko wa udongo. Pili, upungufu wa mvua. Vilevile, kutoweka kwa wanyamapori. Aidha, kukauka kwa vyanzo vya maji. Hali kadhalika, ongezeko la joto. Pia, upungufu wa dawa za asili. Kwa kuhitimisha, ukataji miti una athari nyingi kama zilivyoelezwa hapo juu, hivyo Serikali haina budi kutoa elimu kwa umma.

Hana budi kupata alama nzuri, na atazipata. Lakini hebu ichukue aya ya wanyamapori uipeleke mwisho, na ya dawa za asili uilete mwanzo. Soma tena. Kuna kilichoharibika? Hakuna. Hoja sita zimekaa pamoja kama abiria wa daladala: kila mmoja ana safari yake, hakuna anayemjua jirani yake, na yeyote akishuka gari linaendelea. Kama aya zinaweza kubadilishana viti bila msomaji kugutuka, basi mwandishi hakujenga kitu. Ameorodhesha tu, kisha akaivisha orodha yake viunganishi.

Sasa jambo hilohilo lifikiriwe. Mkaa unaochomwa Handeni au Kilosa, sehemu kubwa hauishii huko. Unapakiwa kuletwa Dar es Salaam. Kwa hiyo anayekata mti na anayesababisha ukatwe hawaishi mahali pamoja, na kumhubiria mchoma mkaa peke yake ni kumfokea tarishi kwa barua aliyoileta. Basi twende kwa mnunuzi, tuseme mama wa Mbagala. Hajui kwamba misitu inakwisha? Anajua, amesikia redioni mara nyingi kuliko wewe na mimi. Lakini mkaa anaupata kwa kopo, kwa hela ya leo, wakati mtungi wa gesi unamtaka atoe fedha ya wiki kadhaa kwa mkupuo. Kama kinachomkwamisha ni mkupuo, elimu kwa umma haina la kumfundisha. Swali linahamia kwa muuzaji: gesi haiwezi kuuzwa kwa kopo? Inawezekana, na zipo kampuni zilizoanza kuiuza kwa mita, mtu analipia anachotumia. Hapo ndipo mtu angeushika Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, akauliza ni kiasi gani cha juhudi zake kimeelekezwa kwenye mkupuo na ni kiasi gani kwenye matangazo.

Sikuhesabu hoja pale. Sikutoa maana ya mkaa, kwa sababu sijawahi kukutana na Mtanzania asiyeujua. Lakini jaribu kuondoa sentensi moja katikati: zinazofuata zinabaki zinaning'inia. Huko ndiko kukuza wazo. Linazaa jingine, hilo jingine linaleta pingamizi, pingamizi linamlazimisha mwandishi kuhama alipokuwa amesimama. Mwandishi wa hoja sita hahami. Anapomaliza yuko palepale alipoanzia, ndiyo maana hitimisho lake linafanana na utangulizi.

Najua watakaonijibu, na jibu lao lina uzito. Mwalimu ana darasa lililofurika na madaftari yasiyobebeka. Msahihishaji amekaa kituoni na bunda la karatasi, mbele yake mwongozo wa usahihishaji, na anatakiwa awe wa haki kwa mtoto wa Masasi sawasawa na wa Moshi. Hoja zinahesabika, fikra hazihesabiki. Swali la fasihi linapotaka hoja tatu kutoka kila kitabu, kwa vitabu viwili, msahihishaji anajua anatafuta sita. Kenya nako, karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, inadai insha mbili, kila moja isipungue maneno 400, kila moja alama 20. Mtihani unahitaji mizani na sina ugomvi na mizani. Na mtoto anayeanza kuandika anahitaji pa kushika, hilo pia nalikubali.

Ubaya ni kwamba kifaa cha msahihishaji kimegeuzwa kuwa kanuni ya mwandishi, na mtoto haambiwi lini aachie alipoambiwa ashike. Anatoka nacho kidato cha nne, anakwenda nacho cha sita, anaingia nacho chuo kikuu. Huko anakuta tasnifu yenye sura tano, kila sura ikifunguliwa kwa kutangaza itakachosema na kufungwa kwa kutangaza ilichosema, na anajisikia yuko nyumbani.

Wapo wanaokitetea kiunzi hiki kwa kusema ni cha kale na cha watu wote, eti Aristotle alikwisha sema kila kitu kina mwanzo, kati na mwisho. Alisema, lakini alikuwa anazungumzia tanzia, na alichosisitiza ni kwamba cha kati kitokane na cha mwanzo na cha mwisho kitokane na cha kati. Yaani alitaka kiungo, hakutaka vyumba vitatu. Katika kitabu chake cha balagha alikwenda mbali zaidi: sehemu za lazima za hotuba ni mbili tu, kutaja jambo na kulithibitisha. Utangulizi na hitimisho vinaweza kuwepo, lakini si kila mahali, na hotuba ikiwa fupi hitimisho halina kazi. Mzee huyo angekalia mtihani wetu angekatwa alama.

Wala hatuhitaji kwenda Ugiriki. Mwaka 1858 huko Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wa kumuusia binti yake. Alikuwa mgonjwa. Hakuanza kwa kueleza kwamba ndoa ni muungano wa hiari kati ya mwanamume na mwanamke. Alimwita mtoto asogee, alete wino na karatasi, kwa sababu ndivyo mama mgonjwa anavyoanza. Utenzi una taratibu zake kali: dua mwanzoni, wino na karatasi kutajwa, jina la mtunzi na tarehe mwishoni. Kwa hiyo asije mtu akasema napigania vurugu. Utaratibu ule una kazi kwa msikilizaji. Unamwambia nani anasema, na nani, katika hali gani. Utangulizi wa insha zetu unamwambia nini? Kwamba mwandishi ameshakaa chini na ana kalamu.

Kisha tumtazame Shaaban Robert, ambaye shuleni tunamsifu sana na kumwiga kidogo. Riwaya yake, Kusadikika, ilitoka 1951. Karama, raia wa nchi ya kubuni yenye jina hilo, ameshitakiwa, maisha yake yako hatarini, na anatakiwa kujitetea barazani. Hatoi hoja. Anasimulia habari za wajumbe waliowahi kutumwa na nchi hiyo: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alikwenda, akateseka njiani, akarudi na jambo jema kwa ajili ya nchi, akalipwa kifungo. Wajumbe sita! Msahihishaji angefurahi kwanza, kisha angeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: umerudia hoja. Na kurudia ndiko kunakofanya kazi yenyewe. Ukisikia ya mjumbe wa kwanza unadhani ni bahati mbaya. Ya pili inakutia shaka. Ukifika ya nne umekwisha tambua kwamba dhuluma ndiyo desturi ya baraza lile. Kufikia ya sita, waliokaa kuhukumu ndio wanaohukumiwa, na Karama hajawanyooshea hata kidole. Ungempa mtu huyo mpango wa kusema kwanza, pili na tatu, angenyongwa siku hiyohiyo.

Utasema hiyo ni hadithi tu? Haya, tuchukue maandishi ya siasa. Sehemu ya Azimio la Arusha la 1967 inayohusu kujitegemea haikuandikwa kwa kutaja faida sita za kujitegemea. Inalichukua wazo ambalo kila kiongozi alikuwa nalo wakati ule, kwamba fedha ndizo zitakazoleta maendeleo, na kulifuata kwa swali moja: zitatoka wapi? Kodi? Wananchi hawana cha kutozwa zaidi. Misaada na mikopo ya nje? Haitoshi, na ikitosha, uhuru wetu utakuwa wapi? Kila mlango ukifunguliwa unaonekana ukuta, mpaka msomaji mwenyewe anabaki akitazama ardhi yake na mikono yake. Unaweza kuukataa Ujamaa wote, wengi wameukataa, na bado ukakiri kwamba mwandishi wa kurasa zile alikushika mkono akakutembeza. Ajabu ni kwamba kizazi kilichokaririshwa Azimio hilo kilijifunza maneno yake kikaacha mwendo wake.

Matokeo yake tunayaona nje ya shule, na ndiyo sababu naona jambo hili linastahili ukurasa wa gazeti. Nenda kwenye hafla yoyote, iwe ya vikundi vya akina mama, mahafali au uzinduzi wa kisima. Risala itasomwa. Utangulizi, historia fupi, mafanikio. Halafu inakuja sentensi ambayo kila aliyepo angeweza kuimaliza akiwa usingizini: pamoja na mafanikio hayo, Mheshimiwa mgeni rasmi, zipo changamoto zifuatazo. Uhaba wa madawati, ukosefu wa uzio, upungufu wa walimu wa Sayansi, ubovu wa barabara. Zote zina uzito mmoja, hakuna iliyozaa nyingine. Mgeni rasmi, naye si mjinga, anachagua iliyo nyepesi, anaahidi mifuko ya saruji kwa ajili ya uzio, anapigiwa makofi na vigelegele. Risala ingesema kwamba walimu wa Sayansi wanaletwa na wanaondoka, kwamba wanaondoka kwa sababu hakuna nyumba, na kwamba fedha za nyumba zilipangwa na hazikufika, mgeni rasmi angebaki na swali moja tu la kujibu, tena asingeweza kulijibu kwa saruji. Orodha inamlinda mkubwa. Mnyororo wa sababu unamfikia.

Ndiyo maana sishangai kwamba orodha tunaipenda. Haimuudhi mtu. Kwenye dawati langu la uhariri zinafika makala za watu wazima, wasomi, wenye vyeo: changamoto za vijana katika kilimo, saba, nini kifanyike, saba. Waandishi wake wana akili na baadhi wana uzoefu wa miaka mingi shambani. Ukimpigia simu mmoja ukamwuliza hasa ni nini kilichomshinda kijana wa kijijini kwao, atakueleza kwa dakika kumi jambo la maana, lenye sababu na matokeo, na lenye hasira ndani yake. Ndilo analopaswa kuandika. Anapokamata kalamu anarudi kidato cha nne.

Miaka ya 1970 tuligombana sana juu ya vina na mizani baada ya mshairi Kezilahabi kutoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru. Watu wazima walirushiana maneno magazetini kwa sababu ya shairi. Natamani robo ya kelele zile ingepigwa juu ya insha, maana mashairi wanaandika wachache, ila risala, taarifa, barua za maombi na mihtasari tunaandika wote.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa watunga mitihani kwanza. Ondoeni idadi ya hoja kwenye maswali. Mpeni mtahiniwa kauli anayoweza kuikubali au kuikataa, na mwongozo wa usahihishaji utenge alama kwa namna aya moja inavyoitegemea nyingine. Inapimika: msahihishaji ataona kama zimeshikana au zimewekwa tu. Na kwa walimu, ambao hawana haja ya kungoja mtaala mpya, kipindi kimoja kinatosha. Mwanafunzi aandike insha yake, azikate aya kwa mkasi, azichanganye, ampe mwenzake azirudishe zilivyokuwa. Mwenzake akishindwa, mwenye insha arudi kwenye dawati lake aandike upya.