Radi ya Kericho na Lugha ya Sayansi

Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi wa Kericho au Bomet aweza kukariri kwa Kiingereza maana ya uga wa umeme, akapita mtihani, na bado akakimbilia chini ya mti wingu linaponguruma. Kosa si lake. Amefundishwa somo hilo kana kwamba halihusiani na mbingu iliyo juu ya mashamba ya chai.

Pepo zenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda miinuko hiyo na kuzaa mawingu mazito wakati wa alasiri. Ndani ya mawingu hayo vipande vya barafu hugongana. Vile vyepesi aghalabu hupata chaji chanya na kupeperushwa juu. Vile vizito, ambavyo vikizidi kukua huanguka kama mvua ya mawe na kuyararua majani ya chai, hubaki chini na chaji hasi. Kati ya tabaka hizo mbili hutanda uga wa umeme.

Uga huo huzisukuma elektroni. Nyingi hupunguzwa kasi na hewa, lakini mnamo 1925 mwanafizikia C.T.R. Wilson alieleza kwamba baadhi yazo zaweza kuharakishwa hadi zikashinda ukinzani huo. Mnamo 1994 wanasayansi walitangaza kuwa setilaiti ya Marekani ilikuwa imenasa miale ya gama itokayo kwenye mawingu ya radi. Karibu na ncha za dunia pia, maelfu ya kilomita juu, uga wa umeme huzirusha elektroni zikagonga oksijeni, na anga ikang'aa kijani.

Je, Kiswahili kinashindwa kuyaeleza haya? La hasha! Neno umeme hutaja mwako wa mawinguni na vilevile nguvu ipitayo kwenye nyaya. Uga ni kiwanja kilicho wazi, na kila mtoto anakijua. Aidha, kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ilikwisha kutolewa Dar es Salaam mnamo 1990.

Wapo watakaosema kwamba mtihani ni wa Kiingereza. Na uwe. Mwalimu na aeleze kwanza kwa Kiswahili, kisha ataje istilahi za Kiingereza. Mwanafunzi aliyeelewa kwamba uga huwa mkali zaidi kwenye ncha ya kitu kirefu hatajikinga chini ya mti uliosimama peke yake. Ataingia katika jengo imara, na kuwaita wachuma chai wafanye vivyo hivyo.