Roboti haisali: somo kutoka ghala la Minnesota

Katika mji wa Shakopee, jimbo la Minnesota nchini Marekani, lipo ghala kubwa la kampuni ya Amazon. Wengi wa waliofanya kazi humo ni Waislamu wenye asili ya Afrika Mashariki, hasa ndugu zetu Wasomali. Tunalileta suala lao hapa kwa sababu vijana wetu wa visiwani nao wanatafuta riziki ughaibuni.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Mwaka 2012 Amazon iliinunua kampuni ya Kiva, iliyotengeneza roboti za maghala, kwa dola milioni 775. Roboti hizo ni fupi na bapa. Huingia chini ya rafu, huinyanyua na kuipeleka hadi aliposimama mfanyakazi. Zamani mfanyakazi alitembea kilomita nyingi akitafuta bidhaa. Sasa rafu ndiyo inayomfuata. Miguu imepumzika, lakini mikono haina nafasi. Kila anachokitoa husajiliwa na kompyuta, na dakika asizogusa kitu nazo huhesabiwa. Magazeti yaliripoti kwamba aliyekuwa akitoa vitu kama 100 kwa saa alitakiwa kutoa 300 hadi 400. Uchunguzi wa waandishi wa Reveal, mwaka 2020, ulionyesha kuwa maghala yenye roboti yalikuwa na majeruhi wengi zaidi kuliko yasiyo nazo.

Hapo ndipo penye mtihani wa dini. Suratun-Nisaa, aya ya 103, inatufundisha kwamba sala ina nyakati zake maalumu. Siku fupi za baridi kule Minnesota, Adhuhuri, Laasiri na Magharibi zote huweza kuingia ndani ya zamu moja. Hakuna aliyewakataza kusali. Kampuni ilisema mapumziko ya sala yasiyofika dakika 20 yanalipwa, na anayetaka zaidi aombe, naye atapunguziwa kiwango. Wafanyakazi wakajibu kwamba dakika za sala ziliwarudisha nyuma katika hesabu, na aliyebaki nyuma alihofia kibarua chake. Katika Ramadhani ya 2018 saumu ilizidi saa 16, na kasi ikawa mzigo mkubwa zaidi.

Wakisaidiwa na jumuiya ya Awood, waliandamana Disemba 2018, wakagoma Julai 2019. Mwaka 2023 jimbo likapitisha sheria ya wafanyakazi wa maghala. Mwajiri sasa lazima amweleze mfanyakazi kiwango chake kwa maandishi, na haruhusiwi kuweka kiwango kinachomnyima muda wa chakula, mapumziko, choo au sala.

Tunachokiona sisi ni hiki: roboti haina kosa. Haichoki, haifungi, haisali, wala haikujipangia kasi. Kasi imepangwa na binadamu, na binadamu ndiye wa kuulizwa, duniani na mbele ya Mola wake. Ndugu hawa hawakuiacha sala wala hawakuikimbia kazi. Walidai haki yao kwa pamoja, hadi neno sala likaandikwa katika sheria.

Basi mzazi unayemuaga mwanao, usiishie kuuliza mshahara. Muulize kiwango cha kazi ni kipi, nani anakipanga, na atasali wapi na saa ngapi. Akikutana na uzito wa kukusanya sala, awaulize wanavyuoni mapema, asijitolee fatwa mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.