Ekografi si ya Mimba Tu

Tukisikia ekografi, sisi wa Mudzipela tunafikiri mimba. Juma hili tuongee juu ya mtu aliyepasuliwa utumbo.

Kuna ugonjwa unaoitwa Crohn, jina la muganga wa New York aliyeuandika pamoja na wenzake mwaka 1932. Unaleta maumivu ya tumbo, kuhara kwa muda mrefu na kukonda, na unafanana sana na kifua kikuu cha tumbo. Waganga wanaweza kukata kipande kilichoharibika na kuunganisha utumbo. Lakini operesheni haiung'oi ugonjwa. Mara nyingi unarudi palepale walipounganisha, polepole, mgonjwa akiwa bado anajisikia mzima.

Hapo ekografi inasaidia. Muganga aliyeifundishwa anapima unene wa ukuta wa utumbo. Ukipita milimita 3, anaanza kushuku. Haiumizi, na inaweza kurudiliwa mara nyingi, hata kwa mwenye mimba. Peke yake haitoshi: pengine ataomba kipimo cha choo, au kamera ya kutazama ndani.

Basi, mwenzetu aliyepasuliwa akianza tena kuhara au kukonda, tusikimbilie dawa ya amiba ya sokoni. Aende kwa muganga na karatasi ya operesheni, ionyeshe kilichokatwa na mahali pa kutazama. Tunajua karatasi nyingi zilipotelea njiani wakati wa kukimbia vita. Aliye nayo aipige picha kwa simu leo, na dada yake aitunze pia.

Na kama anavuta sigara, aache: inauharakisha ugonjwa kurudi.