Aliyeacha Pombe Hurudishwa na Mtaa Wake

Kijana akitoka soba, nyumba ya kuachia ulevi, akarudia chupa baada ya wiki chache, nyumbani huambiwa hana msimamo. Hukumu hiyo ni ya kumwonea, kwani hamu huamshwa na mazingira.

Katika Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, mtafiti Wolfram Schultz aliwapa tumbili matone ya juisi huku akipima seli za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali ya hamu. Mwanzoni seli zilichangamka juisi ilipofika mdomoni. Tumbili walipozoea kuona taa ikitangulia, zikawa zinachangamka kwa taa. Juisi yenyewe haikuzishtua tena. Kwa mnywaji, taa hiyo ni muziki wa baa ya kona, moshi wa nyama choma, ujumbe wa mshahara kwenye simu. Hamu humpanda kabla hajaiona glasi.

Akiwa na msongo, mambo huwa mabaya zaidi. Mwaka 2009, watafiti Lars Schwabe na Oliver Wolf wa Ujerumani walichapisha jaribio ambalo baadhi ya washiriki walitumbukizwa mkono kwenye maji ya barafu ili wapate msongo. Kisha wote wakajifunza kuchagua alama zinazowapatia vinywaji vya chokoleti au machungwa, na baadaye wakashibishwa ladha moja. Waliotulia waliiacha ladha iliyowakinai. Waliopitia barafu waliendelea kuichagua, ingawa hawakuitamani tena. Ndivyo anavyojikuta kaunta mtu aliyegombana na bosi mchana, ilhali asubuhi aliapa hanywi.

Mazingira yakibadilika, mengi hubadilika. Mtafiti Lee Robins alifuatilia askari wa Marekani waliorejea kutoka Vietnam mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa tegemezi wa dawa za kulevya huko, hasa heroini. Kati ya hao, ni asilimia 5 hivi tu walionaswa tena katika mwaka wa kwanza nyumbani, mbali na kambi na wenzao wa kuvuta.

Mnywaji wa Temeke au Mombasa hana bahati hiyo. Yeye hurudishwa palepale alipozoea. Tanzania ilifanya vyema kupiga marufuku viroba, pombe kali ya vifuko, Machi 1, 2017, vikaondoka kwenye meza za stendi. Bado anayetoka soba huachwa peke yake. Kabla hajaruhusiwa, familia ikae naye ipange: njia gani ya kazini haipiti baa, mshahara utunzwe na nani, na siku akikorofishwa ampigie nani simu. Halmashauri nazo ziache kutoa leseni za baa mlangoni pa nyumba za soba.