Kicheko katika Somo la Heshima

Majuma machache yaliyopita nilialikwa kusikiliza somo katika shule moja ya msingi ya Kikatoliki, mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi. Sitaitaja, kwani niliyoyaona huko hutokea katika shule nyingi. Mada ilikuwa heshima, mojawapo ya maadili yaliyomo katika mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019. Mwalimu aliuliza: ukikutana na mtu mzima asubuhi, utamwonyeshaje heshima?

Mvulana mmoja, ambaye mamake ni mchuuzi katika Soko la Burma, alisimama akajibu: "Namwambia 'niaje mathe', halafu namshikia mzigo."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akatabasamu, akasema hiyo ni lugha ya sokoni, kisha akamteua msichana aliyejibu kwamba yeye husema "shikamoo". Msichana akapigiwa makofi. Nina shaka kama neno hilo limewahi kumtoka nje ya darasa, maana mitaani Nairobi halisikiki sana; lakini hilo tuliache.

Linalonikera ni kwamba hakuna aliyeusikia ule mzigo. Mtoto aliulizwa juu ya heshima, akataja tendo la heshima alitendalo kila siku, naye akachekwa kwa sababu ya neno moja. Hakufungua kinywa tena hadi kengele ilipolia.

Sisemi kwamba Sheng ifundishwe badala ya Kiswahili sanifu. Mimi ni mwanaisimu, na najua fika kwamba kila lugha ina mahali pake. Mtoto asiyejua kumwamkia mwalimu mkuu kwa Kiswahili cha adabu amepunjwa. Hata hivyo, kumwongezea mtoto lugha ni jambo moja, na kumtia haya kwa ajili ya lugha aliyotoka nayo kwao ni jambo jingine kabisa.

Jina la soko lenyewe lina la kutukumbusha. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki wa King's African Rifles walipigana huko Burma. Walikuwa watu wa makabila mengi, na walielewana kwa Kiswahili cha jeshini, kilichoitwa Kikeya. Waliojiona wajuzi walikidharau Kiswahili hicho, ilhali wanajeshi walikitegemea vitani. Leo Mluo, Mkamba, Mkikuyu na Msomali hukutana Burma mbele ya kigogo cha nyama, wakapatana bei na kuitana mama na mzee. Mtoto akulíaye hapo hafiki shuleni mikono mitupu.

Shule ya Kikatoliki ina sababu zaidi ya kulizingatia jambo hili. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu, lililotolewa Oktoba 1965, linawatambua wazazi kuwa walimu wa kwanza wa watoto wao. Nayo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda anuwai ya lugha za Wakenya. Basi tunapoicheka lugha ya mama mchuuzi mbele ya mwanawe, tunamcheka mwalimu mwenzetu.

Baada ya somo nilizungumza na mwalimu. "Daktari," aliniuliza, "nikimwacha aseme hivyo, mtihanini atafanyaje?" Swali la haki. Nilimshauri aanze kwa kuwauliza watoto wanavyoamkiana kwao, ayaandike yote ubaoni, Sheng, Kikamba, Kisomali na mengineyo. Kisha wao wenyewe waamue lipi litamfaa nyanya, lipi litamfaa rafiki, na lipi litaandikwa katika insha. Hapo sanifu itaingia kwa hiari.

Alifikiri kidogo, akasema kwamba Jumatatu angeanza na yule mvulana, amwulize habari za mzigo.