MAJI YA MASHIMO YALIYOACHWA

Wahenga walisema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika machimbo ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika ya Kusini, mithali hiyo imepinduka. Wenye kuchimba wameondoka na faida yao, na waliotumbukia kisimani ni majirani.

Dhahabu ilivumbuliwa huko mwaka 1886. Kwa zaidi ya miaka mia moja wafanya kazi Waafrika, wakiwamo vijana wa Msumbiji, wa Lesotho, wa Nyasaland na hata wa kusini ya Tanganyika, walishushwa chini ya ardhi kwa ujira mdogo. Maadamu kazi iliendelea, pampu zilivuta maji usiku na mchana. Kampuni zilipofunga machimbo, moja baada ya jingine, pampu nazo zilizimwa, na maji yakaanza kupanda polepole katika mashimo yaliyounganika chini kwa chini. Agosti 2002 yalifurika juu ya ardhi karibu na Krugersdorp, yakaingia kijitoni na kufika katika hifadhi ya wanyama.

Maji hayo si kama maji ya mvua. Mwamba wa dhahabu una madini ya chuma na kiberiti, kile kiitwacho salfa. Madini hayo yakikutana na hewa na maji huzaa asidi kali, nayo asidi huyeyusha chuma, manganizi, na hata urani. Mto hugeuka rangi ya kutu, viumbe vya majini hufa, na mfugaji hana pa kunyweshea ng'ombe wake.

Tiba yajulikana. Kwanza ni kupima: kimo cha maji shimoni, ukali wa asidi, na kiasi cha chuma na chumvi. Kisha maji huvutwa yasivuke kimo kilichowekwa, huchanganywa na chokaa, hupulizwa hewa, na chuma hutuama kama tope. Serikali ya Afrika ya Kusini ilianza kazi ya dharura mwaka 2011. Mitambo ilijengwa upande wa magharibi, kisha Germiston, kisha Springs, ambako mtambo ulijengwa kwa kusafisha hata lita milioni 110 kwa siku. Lakini chokaa haiondoi salfeti yote. Chumvi hiyo hushuka hadi Mto Vaal, na imekuwa lazima kufungulia maji safi ya bwawa ili kuizimua. Tena kazi hii haina mwisho: pampu ikizimwa leo, maji yataanza kupanda kesho.

Nani alipe? Tazameni mgodi wa Grootvlei, karibu na Springs. Mwenye mgodi alifilisika mwaka 2009, na kampuni nyingine ikashika usimamizi. Maelfu ya wafanya kazi hawakupata mishahara yao, na mwaka 2011 pampu zikasimama. Mwaka 2015 mahakama iliamua kwamba wakurugenzi wawajibike kwa mali zao wenyewe. Lakini hukumu haivuti maji. Funzo ni hili: kampuni isiyomlipa mfanya kazi wake aliye hai haitamlipia mtoto atakayezaliwa kando ya mto.

Wako wasemao kwamba tukidai fedha mapema wenye mitaji watakimbia. Twawajibu kwa mfano wa Ujerumani. Mwaka 2007 uliundwa mfuko maalumu kwa ajili ya machimbo ya makaa ya mawe, ukapewa mali ya kuzaa faida. Mgodi wa mwisho ulifungwa Desemba 2018, na tangu 2019 mfuko huo hulipia kuvuta maji. Ni kweli kwamba machimbo hayo yalipata msaada mkubwa wa serikali; lakini fedha ziliwekwa kando kabla ya lango kufungwa, wala hazikutafutwa baadaye kwa kodi ya mwananchi.

Jambo hili latuhusu. Bulyanhulu dhahabu huchimbwa chini ya ardhi, na Geita na North Mara nako kazi imeshuka chini. Hatusemi kwamba kila mwamba wetu una sumu. Twasema kila mwamba upimwe. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 yataka mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya kurekebisha ardhi. Sheria ni njema, lakini dhamana iliyokadiriwa mgodi ukiwa mchanga haitoshi mgodi ukizeeka.

Basi yatupasa kudai mambo matatu. Dhamana ikadiriwe upya kila mwaka, na gharama ya maji ya baada ya kufunga ihesabiwe ndani yake. Vipimo vya maji vibandikwe katika ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, mwezi kwa mwezi. Na wafanya kazi wafundishwe kupima, maana wao ndio watakaobaki wakinywa maji hayo.

Wanachama walio machimboni wasingoje lango lifungwe. Swali hili liulizwe katika mkutano wa tawi ungali mgodi unatoa dhahabu, kwa kuwa siku hiyo ndiyo mwenye deni angalipo, na fedha anazo.