Transfoma ya kijiji hufa kwa karatasi

Transfoma ikiungua Nachingwea au Ruangwa, wenye mashine za kusaga huilaumu Tanesco. Mara nyingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini sehemu ya ugonjwa huanzia kwenye mashine zao wenyewe, na ili kuuona ni lazima kujua ndani ya kile chombo cha juu ya nguzo mna nini.

Katikati mna kiini cha mabati membamba ya chuma chenye silikoni, yaliyopangwa moja juu ya jingine. Kila bati limepakwa utando usiopitisha umeme, kwa sababu pande zima la chuma lingepata joto na kupoteza umeme bure. Kiini huzungushiwa mafungu mawili ya waya wa shaba au alumini. Fungu lenye mizunguko mingi hupokea volti 33,000 au 11,000. Lenye michache hutoa volti 400 za mashine na 230 za nyumba. Mafungu hayo hayagusani. Nguvu huvuka kwa usumaku.

Kinachoyatenganisha ni karatasi. Naam, karatasi, jamaa ya ile ya mifuko ya saruji, iliyokaushwa kisha ikazamishwa katika mafuta. Mafuta huzuia umeme kuruka na hupeleka joto nje.

Chuma na shaba hudumu. Karatasi huzeeka, na maadui zake ni joto na maji. Wahandisi hukadiria kuwa karatasi ya kawaida ikizidi nyuzi joto 98, kila nyuzi 6 za ziada hupunguza umri wake kwa nusu.

Sasa hesabu ya mfukoni. Mota ya farasi 20 ikifanya kazi kwa nguvu zote huvuta takriban kVA 20. Transfoma ya kVA 50 itabeba mota mbili na taa za nyumba kadhaa. Mfanyabiashara wa tatu akifunga yake, na zote zikawashwa jioni moja, mzigo unafika 60 kabla ya kuhesabu nyumba. Transfoma haitaungua siku hiyo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Karatasi inaendelea kukatika ndani kwa ndani hadi radi au mota inayowashwa kwa kishindo iimalize, pengine katikati ya msimu wa korosho, wakati fedha ipo na wateja wapo.

Kupangiana saa za kusaga hakugharimu kitu. Anayetaka kuongeza mota aiarifu Tanesco kwanza, nayo Tanesco isimwunganishe kabla ya kupima mzigo uliopo. Kamati ya umeme ya kijiji, pale ilipo, ingefaa kujua transfoma yake ni ya kVA ngapi. Namba hiyo imeandikwa kwenye kibati chake.

Kuna pia wezi wa mafuta. Nchini Kenya, mwaka 2014 iliripotiwa kuwa mafuta ya wizi yaliuzwa kwa wakaanga chipsi. Mafuta yakipungua, nyaya hubaki wazi na joto halitoki. Isitoshe, baadhi ya transfoma kuukuu zilijazwa kemikali za PCB, zinazodhibitiwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, na kuzila ni kula sumu. Anayeona nguzo imelowa mafuta asisubiri giza liingie ndipo atoe taarifa.